CHEMA CHAJIUZA? Somo juu ya matangazo, simu na imani ya mteja



Somo letu la safari hii ni juu ya imani. Si ile tunayoikiri Jumapili, bali ile imani ndogo ya kila siku, ambayo mtu huwa nayo anapotoa shilingi mia na kupokea kitu ambacho hatakifungua mpaka afike nyumbani. Vikundi vyetu vingi, kuanzia Kilifi na Ganze mpaka Malindi, Magarini na vijiji vilivyo kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, vinauza kitu: mafuta ya nazi, asali, korosho za kukaanga, achari ya maembe, sabuni, vikapu vya miyaa. Na kila mwanakikundi, awe anauza au hauzi, hununua. Kwa hivyo somo hili linatuhusu mara mbili.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani ilitosha, kwa sababu mnunuzi na kitu walikutana sokoni. Aliweza kukishika, kukinusa na kukionja. Lakini leo mnunuzi wa asali yetu pengine yuko Nairobi na simu mkononi. Hawezi kuonja picha. Basi siku hizi chema nacho hakina budi kutembezwa, na kibaya kinatembezwa vilevile, njia ni moja na picha zinafanana. Kazi yetu katika somo hili ni kujifunza kuvipambanua, na pia kujifunza namna ya kukitembeza chema bila kusema uongo.

1. JINA LA BIDHAA NI KITU GANI?

Jina lililoandikwa kwenye pakiti, pamoja na rangi na alama zake, ndilo tunaloliita chapa. Chapa ni ahadi. Zamani huku kwetu jina la mtu ndilo lilikuwa chapa. Tulisema, "Nenda kwa mama fulani, samaki wake si wa jana." Akikuuzia wa jana, unajua nyumba yake, unajua na kwa kumlaumu. Vitu vilipoanza kufungwa kwenye pakiti na kutoka mbali, jina la kampuni likashika nafasi ya jina la mtu. Mama akimtuma mtoto dukani, "niletee ule wa pakiti nyekundu," maana yake ni kwamba mara iliyopita ule haukumdanganya.

Imani hiyo ina mizizi mitatu:

(a) Kujaribu mwenyewe. Nilinunua, nikatumia, sikuona kasoro.
(b) Kuambiwa na mtu ninayemwamini. Jirani, dada, fundi, mwalimu.
(c) Kukaguliwa na mtu asiyepata faida. Kwa mfano, alama ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), lililoanzishwa mwaka 1974.

Mtu mwenye busara hutegemea yote mitatu. Kila mzizi peke yake unaweza kuoza, kama tutakavyoona.

2. TANGAZO HUFANYAJE KAZI?

Tangazo si dhambi. Bila tangazo hata mkutano wa kijiji haujai. Lakini lazima tujue linavyotuingia.

Kwanza, linarudiarudia. Kitu ulichokiona mara ishirini unakizoea, na mtu akishazoea kitu hudhani anakijua. Angalieni barabara ya kutoka Mombasa mpaka Malindi: maduka mangapi yamepakwa rangi ya kampuni fulani, ukuta mzima? Mwenye duka amepata rangi ya bure, na kampuni imepata kuonekana kila siku na watu wote wanaopita na matatu.

Pili, tangazo huazima uso. Mchezaji mpira, mwimbaji au mtangazaji hushika chupa na kucheka. Tunampenda yeye, kisha tunaipenda chupa. Hatuulizi kama nyumbani kwake anaitumia.

Tatu, linatuharakisha. "Zimebaki tano tu!" "Bei hii mwisho leo saa sita usiku!" Mtu mwenye haraka haulizi maswali, na muuzaji anajua hivyo.

Hata hivyo, tangazo peke yake haliwezi kudumisha imani. Chukueni M-PESA, iliyoanza Machi 2007. Mwanzoni watu wengi walisita, na si ajabu: utampaje kijana wa kibandani pesa zako kwa sababu tu ya ujumbe kwenye simu? Matangazo yaliwafanya watu wasikie jina. Kilichowafanya waamini ni mambo mengine: wakala yuko pale pale kijijini na anajulikana, ujumbe unaingia papo hapo, na mama aliyeko nyumbani anapiga simu kusema, "Nimezipata." Ahadi ilitimizwa mbele ya macho yao, mara nyingi, mpaka ikawa mazoea.

3. SIMU IMEBADILISHA NINI?

Zamani tangazo lilijulikana kuwa ni tangazo. Lilikuwa redioni kati ya wimbo na wimbo, au kwenye ubao mkubwa barabarani. Siku hizi linakuja kwa WhatsApp kutoka kwa shangazi yako. Shangazi naye ametumiwa na rafiki, na rafiki na mwingine, na wa kwanza kabisa hajulikani. Lakini wewe hukumwona yule wa kwanza, umemwona shangazi. Kwa hivyo ule mzizi wa pili, wa kuambiwa na mtu unayemwamini, umeazimwa bila shangazi mwenyewe kujua.

Jueni pia mambo haya manne juu ya Facebook, TikTok na mitandao mingine kama hiyo:

(i) Watu wenye wafuasi wengi hulipwa kusifu bidhaa. Anaweza kusema "mimi naipenda sana" na huku ameipokea jana pamoja na malipo.
(ii) Wafuasi na zile alama za kupenda hununuliwa. Ukurasa wenye wafuasi elfu hamsini si lazima uwe na wateja hamsini.
(iii) Picha huchukuliwa popote. Shamba zuri unaloliona pengine ni la nchi nyingine, na ngozi laini unayoionyeshwa imepitishwa kwenye programu ya kurembesha picha.
(iv) Shuhuda na picha za ujumbe wa malipo hutengenezwa. Mtu mmoja anaweza kuwa mashahidi kumi.

Hapa tungependa kusema jambo moja waziwazi. Makundi ya WhatsApp ya Jumuiya Ndogo Ndogo na ya kwaya yamekuwa soko. Si vibaya kuinuana. Lakini kuwa Jumuiya moja na mtu si alama ya ubora wa dawa anayouza. Tukumbuke miaka ya 2006 na 2007, ambapo Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika mipango ya piramidi, na baadhi ya mipango hiyo iliingia kwa watu kupitia makanisani. Waliojiunga hawakuwa wajinga. Waliwaamini waliowaleta, na waliowaleta nao walikuwa wameamini. Ndivyo imani inavyosafiri: kwa haraka, na bila kukaguliwa njiani.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa na vipodozi. Krimu za kung'arisha ngozi huuzwa sana kwa picha za "kabla na baada". Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo, na mtu haoni kitu mpaka ameumia. Wahenga walishatwambia: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

4. NA JINA KUBWA JE, LINATOSHA?

Wengine watasema, "Basi tushikilie majina makubwa tu." Tuangalie mambo mawili yaliyotokea hapa nchini.

Novemba 2019, KEBS ilisimamisha vibali vya chapa tano za unga wa mahindi, na kuamuru unga huo uondolewe madukani, kwa sababu ulikuwa na sumu ya aflatoksini kupita kiwango. Januari 2020 zikafuata chapa nyingine 17. Baadhi ya unga huo ulijulikana nchi nzima. Sumu hii hutokana na ukungu kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Hili si jambo la kuchezea: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua kutokana nayo na 125 wakafariki. Kumbukeni kwamba ukungu huo hauchagui chapa. Mahindi ya ghala lako mwenyewe yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yamo hatarini vilevile.

Jambo la pili ni la mwaka 2024. Mbolea iliyouzwa kwa wakulima kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka, katika mpango wa ruzuku ya serikali, iligunduliwa kuwa nyingine haikufikia viwango. Mkulima alitazama gunia, akaona limetoka mahali pa serikali, akaamini. Kwani angefanya nini zaidi? Serikali iliahidi kuwafidia walioathirika, lakini msimu wa kupanda haungoji fidia.

Hatusemi msiamini mtu yeyote. Asiyeamini chochote hawezi kufanya biashara wala kuishi na jirani. Tunasema imani iwe na macho. Na tukumbuke kwamba katika visa vyote viwili, kilichothibitisha makosa ni ukaguzi, si matangazo ya washindani wala maneno ya mitandaoni.

5. MNUNUZI AFANYE NINI?

- Tafuta alama ya KEBS na nambari ya kibali iliyo chini yake. Andika kwenye simu SM, kisha alama ya #, kisha nambari ile, utume kwa 20023. Simu ya kubonyeza inatosha. Jibu likija, lilinganishe na jina lililo kwenye pakiti. Vikitofautiana, rudisha.
- Soma tarehe ya mwisho wa kutumia kabla ya kulipa, si baada.
- Tangazo likikuharakisha, wewe nenda polepole. Lale usiku mmoja. Kilicho chema kesho kitakuwepo.
- Aliyekutumia tangazo muulize swali moja: "Wewe mwenyewe umekitumia?" Mara nyingi atajibu, "La, nimetumiwa tu."
- Kabla ya kutuma pesa, tazama jina linalotokea kwenye simu. Kama jina la muuzaji na jina la mpokeaji haviendani, simama.
- Weka risiti au ule ujumbe wa malipo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kutosha na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeongeza nguvu. Lakini haki bila ushahidi ni kelele.

6. KIKUNDI KINACHOUZA KIFANYE NINI?

Tuna mifano mizuri karibu. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 hapo Gede. Wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na pupa zao hupelekwa kwa ndege mpaka nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Mnunuzi yuko mbali, hawezi kuja kukagua. Lakini akifungua boksi, pupa ni mzima au amekufa. Hakuna tangazo litakalomfufua. Biashara ya namna hii husimama juu ya kuchagua vizuri kabla ya kutuma: kilicho na kasoro kibaki nyumbani.

Mfano wa pili ni kikundi cha uhifadhi cha Dabaso, karibu na Watamu, wenye mkahawa wao wa Crab Shack juu ya mikoko ya Mida. Wageni hupiga picha za jua likizama na za sambusa za kaa, na picha hizo huzunguka mitandaoni bila kikundi kulipia. Hilo ndilo tangazo lenye nguvu kuliko yote: mteja aliyeridhika akisema mwenyewe. Lakini huwezi kuliagiza. Unalipata kwa kupika vizuri leo, na kesho, na siku ile ambayo umechoka.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kikundi kinauza chupa 40 za mafuta ya nazi kwa mwezi, kila chupa shilingi 300. Jumla ni 12,000. Mwezi mmoja chupa 6 zinachacha, pengine kwa sababu maji yalibaki kwenye mafuta au chupa hazikukauka. Wateja sita wanalalamika. Mkiwarudishia pesa, mmepoteza shilingi 1,800. Mkibishana nao, wakaondoka, na kila mmoja alikuwa ananunua chupa moja kila mwezi, mmepoteza 6 × 300 × 12, yaani shilingi 21,600 kwa mwaka. Na hapo hatujahesabu jirani zao, wala hatujahesabu yule mmoja atakayepiga picha chupa na kuiweka Facebook. Mweka hazina na aulizwe: ipi ni ghali, kurudisha au kubishana?

Kwa hivyo tunashauri:

(1) Wekeni daftari. La shule linatosha. Kila mnapokamua mafuta au kurina asali, andikeni tarehe, nani walifanya kazi, malighafi ilitoka wapi, chupa ngapi zilipatikana, na zilikwenda kwa nani. Andikeni nambari ya mkupuo huo kwenye lebo. Likija lalamiko, mtaondoa mkupuo mmoja, si mali yote.

(2) Bakisheni chupa moja ya kila mkupuo kabatini, mbali na jua. Mteja akisema yake imeharibika, mtailinganisha.

(3) Lebo iseme kweli: kilichomo, uzito, tarehe, jina la kikundi, mahali na nambari ya simu ambayo mtu hupokea. Msiandike "inatibu kisukari" wala "inatibu presha." Asali ni chakula.

(4) Kikundi kinachotaka kufunga chakula na kukipeleka madukani kinatakiwa kupata kibali cha KEBS. Ofisi iko Mombasa. Msinakili alama ya kibali kutoka pakiti nyingine. Huo ni wizi wa imani ya watu, na sheria haina mzaha nao.

(5) Mfundisheni mteja. Asali ikiganda, wengi hudhani imetiwa sukari. Mwelezeni kwamba asali safi pia huganda, na kwamba ile mitihani ya kuichoma kwa kiberiti au kuidondosha majini haithibitishi kitu. Muuzaji anayefundisha huaminiwa kuliko anayeapa.

7. KIKUNDI KIKITANGAZA KWA SIMU

Chagueni mtu mmoja wa kujibu ujumbe, na mmoja wa kumsimamia. Pigeni picha za kazi yenu wenyewe: mikono inayokuna nazi, mizinga yenu, mwembe wenu. Msiazime picha ya mtu. Mwanachama au mtoto asipigwe picha ya tangazo bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda. Malipo yapokelewe kwa nambari ya kikundi, si ya katibu binafsi. Na mtu akiandika malalamiko hadharani, msiyafute. Mjibuni kwa upole hapo hapo, semeni mtafanya nini, kisha mfanye. Wanaosoma kimya ni wengi kuliko wanaoandika, na hao ndio wanaoamua.

Biblia haikusema habari za simu, lakini mizani imeisema sana. Sura ya 11 ya Kitabu cha Mithali inaanza na mizani ya udanganyifu, na nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo. Lebo yetu ni mizani. Picha tunayotuma ni mizani. Hata tangazo la mtu mwingine, tukilisambaza bila kujua ukweli wake, tumeweka kidole chetu kwenye mizani yake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kila mmoja ataje kitu kimoja alichonunua mwaka huu kwa sababu ya tangazo la simu. Kilikuwa kama kilivyosemwa?
2. Kati ya ile mizizi mitatu ya imani, sisi hutegemea upi zaidi tunaponunua dawa? Kwa nini?
3. Mteja wa mbali akituuliza, "Nitajuaje kwamba mafuta haya ni safi?", tuna jibu gani la kumwonyesha, si la kumwambia tu?
4. Je, kikundi chetu kina kanuni ya kurudisha pesa? Kama hakina, tuiandike leo kwenye daftari la kumbukumbu, na mwenyekiti aitie sahihi.

KAZI YA NYUMBANI: Kila mwanakikundi alete pakiti tatu tupu kutoka jikoni kwake kwenye mkutano ujao. Tutazikagua pamoja: alama, nambari ya kibali, tarehe, na maneno ya kujisifu. Mwenye simu atume nambari hizo kwa 20023, na majibu yasomwe kwa sauti.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.